Jibu kwa mzee wa Dabani: gugu karoti na safari zake

Swali: Ninalima Dabani, wilaya ya Busia, Uganda. Nina ekari tatu za mahindi, wimbi na muhogo, na mbuzi na ng'ombe wachache. Mwaka juzi walikuja kutengeneza barabara yetu, wakamwaga marramu, ule udongo wa changarawe, mpaka kwenye lango la shamba. Tangu hapo umeota mmea nisioujua, majani kama ya karoti, maua meupe madogo madogo. Mbuzi wanaukwepa. Mke wangu akiung'oa, mikono inamuwasha usiku kucha. Mwenyekiti wetu anasema umeletwa na upepo kutoka Kenya. Jirani anasema nilime kwa trekta na kupiga dawa, utaisha. Nani ana haki? Tena kila msimu nampelekea ndugu yangu wa Tororo mbegu ya wimbi, na mara nyingine mbuzi. Je, naweza kumpelekea na balaa hili?

Jibu:

Mzee wangu, niruhusu nianzie na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Ndiyo, unaweza kumpelekea. Tena kwa wimbi kuliko kwa mbuzi. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuhakikishe tunazungumza juu ya mmea mmoja.

Kwa maelezo yako na picha uliyotuma, huo ni gugu karoti, ambao wataalamu wanauita Parthenium hysterophorus. Ukiwa mchanga hutandaza majani yake chini, yamechanikachanika kama ya karoti kweli. Baadaye shina hupanda, lina mifereji kutoka chini hadi juu na vinyweleo vya kukwaruza, na linaweza kumzidi mtu kimo. Maua ni meupe, madogo, kila kichwa kina pembe tano. Usiuchanganye na kishona nguo: kile kina kitovu cha manjano na mbegu nyeusi zinazong'ang'ania suruali. Mbegu za gugu karoti hazing'ang'anii nguo. Zinahitaji tope, au gunia, au mtu wa kuzibeba bila kujua.

Mwenyekiti wako ana nusu ya haki. Mmea huu asili yake ni Amerika, pande za Ghuba ya Meksiko, na Kenya ulikuwa ukijulikana kwenye mashamba ya kahawa tangu miaka ya 1970. Hapa Uganda uliandikwa rasmi mara ya kwanza mwaka 2008. Kwa hiyo kwamba ulipitia Kenya, sina ugomvi naye. Ila upepo, hapana. Mbegu hii upepo wa kawaida huisogeza mita chache tu kutoka kwa mama yake, kimbunga cha vumbi kikisaidia labda zaidi kidogo. Leo gugu hili limo hata ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, upande wa pili wa nchi, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kutoka kwenu. Upepo gani huo unaofuata barabara? Maana ukiutafuta mmea huu utaukuta kandokando ya lami, kwenye maegesho ya malori, kwenye mashimo ya marramu, karibu na minada ya ng'ombe na penye majengo mapya. Ramani yake ni ramani ya nyendo za watu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea kufikiri. Tunaposikia mimea vamizi tunafikiria mpakani. Pale Busia, kwenye kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa mwaka 2018, wapo wakaguzi wa mimea, na shehena ya nafaka au miche inayoingia inatakiwa iwe na cheti. Ni kazi nzuri na iendelee. Lakini lori likishavuka, au tuseme likipakia hapahapa Busia mchanga, matofali au wimbi kwenda Tororo, Soroti au Kasese, nani analiangalia? Hakuna. Mmea ukiwa tayari umo nchini, mpaka hausaidii tena. Kuanzia hapo kila shimo la marramu ni mpaka, kila trekta ya kukodi ni mpaka, na lango lako wewe ni mpaka.

Wengine wamelifanyia kazi jambo hili. Australia walipata gugu karoti Queensland, na mlipuko mkubwa ulitokana na mbegu za nyasi za malisho zilizonunuliwa Texas karibu na mwaka 1960. Watu walidhani wanapanda nyasi. Kwa miaka kadhaa mmea ulikaa kimya, kisha miaka ya 1970, baada ya mvua kubwa, ukatapakaa kwenye malisho. Walichofanya ni kuzuia safari ndani ya nchi yao wenyewe. Mashine za kuvunia nafaka zikitoka Queensland kuingia jimbo jirani la New South Wales hukaguliwa na lazima ziwe zimesafishwa. Kuna sehemu maalumu za kuoshea magari na matrekta kwa maji ya nguvu. Nchi ni moja na bendera ni moja, lakini mashine chafu haipiti. Sisi hatuna vituo hivyo, na sitarajii kuviona Bugiri mwakani. Ila wazo lenyewe halihitaji fedha za Australia.

Sasa tuyapime ya kwako. Ninapotaka kujua njia ipi ina hatari zaidi, huwa ninajiuliza mambo matatu: njia hii inabeba mbegu nyingi kiasi gani, inapita mara ngapi, na mzigo unashushwa wapi. Hilo la tatu husahaulika, nalo lina uzito mkubwa. Mbegu mia zikidondoka kwenye lami zitakufa. Mbegu tano zikidondoka kwenye kitalu kilicholimwa zitaota, na mmea mmoja uliostawi huzaa mbegu 15,000 hadi 25,000.

Marramu ndiyo iliyokuletea, sina shaka kubwa. Machimbo yakishaota gugu hili pembeni, kila tripu inayotoka inabeba udongo wa juu wenye mbegu, na tripu moja ya barabara ni tani kadhaa. Tena marramu inamwagwa kwenye ardhi iliyochubuliwa, isiyo na nyasi, ambayo ni mahali gugu hili linapapenda kuliko kwingine kote. Baadaye wanakuja vijana wa kufyeka kando ya barabara. Wanafyeka likiwa na maua na mbegu, fyekeo linazirusha, viatu vinazibeba hadi kilomita inayofuata, na shina lililokatwa linachipua upya na kutoa maua likiwa fupi zaidi. Kufyeka baada ya maua ni kupanda.

Trekta na plau za kukodi zinafuata. Siku moja zipo kwa jirani, siku ya pili kwako, na tope la jana bado limeganda kwenye majembe yake. Hapa nimjibu jirani yako. Ukilima kwa trekta sehemu iliyokwisha kuzaa mbegu, unazifukia. Mbegu iliyobaki juu ya ardhi ama huota haraka ama hufa mapema, lakini iliyofukiwa sentimita chache inaweza kukaa hai miaka kadhaa ikingoja jembe lijalo liipandishe. Kwa hiyo kilimo cha kina kitakupa msimu mmoja wa furaha, kisha utashangaa. Mbaya zaidi, trekta itatoka kwako ikiwa imebeba.

Sasa wimbi. Fikiria mnavyolipura. Masuke yanakaushwa uwanjani, yanapigwa kwa fimbo, yanafagiliwa, yanapepetwa. Kama gugu karoti limeota shambani au pembeni mwa uwanja, mbegu zake zinafagiliwa pamoja. Na kwa bahati mbaya mbegu ya gugu hili ina urefu wa milimita mbili hivi, karibu sawa na punje ya wimbi. Chekecho haitazitenganisha. Kupepeta kutaondoa nyingi kwa kuwa ni nyepesi, ila zinazoondoka zinaangukia uwanja uleule mtakaopuria tena, na chache zinabaki kwenye gunia. Ndugu yako atazitawanya kwa mkono wake mwenyewe kwenye udongo uliolainishwa vizuri. Hakuna njia bora kuliko hiyo ya kuhamisha gugu. Mahindi hayana hatari kama hii: punje ni kubwa, yanavunwa kwa gunzi, ukiyapukuchulia juu ya turubai yako safi.

Ushauri wangu kwenye hili ni mkali kidogo: wimbi la shamba lile liwe la kula na la kusaga, lisiwe la mbegu, mpaka upite misimu kadhaa bila kuona mmea hata mmoja uliofikia maua. Ukitaka sana kumpa ndugu yako mbegu yako ya asili, chagua kona isiyo na gugu, vuna masuke yake kwa kisu, uyafunge na kumpelekea masuke hayo mazima. Apure mwenyewe juu ya turubai, na mabaki ayachome. Mwambie pia sababu. Watu hupenda kuficha kwamba shamba lao lina gugu, kama vile ni aibu ya nyumba, na kwa kuficha huko limefika mbali.

Mbuzi ni rahisi zaidi. Wafunge wiki moja mahali pasipo na gugu, wale majani safi, wasafishe kwato na manyoya ya tumbo, kisha waende. Samadi ya siku hizo ibaki kwako. Na kwa kuwa umetaja mbuzi, kuna jambo la kuangalia hapo nyumbani. Mbuzi wanaukwepa, wewe mwenyewe umeliona. Maana yake wanakula kila kitu kingine na kuliachia gugu uwanja wote. Malisho yaliyokwanguliwa ndiyo makao yake. Punguza wanyama sehemu ile kwa msimu mmoja au wahamishe, nyasi zipate kurudi. Ng'ombe akilazimika kulila kwa njaa, maziwa huwa machungu, na likizidi linaweza kumdhuru.

Kuhusu kuliondoa, kila kitu kinategemea limefikia wapi. Kama ni lango na ukingo wa barabara tu, unaweza kulimaliza, na usikubali kuambiwa vinginevyo. Kama limeshaenea ekari zote tatu, lengo lako la sasa liwe kuzuia lisizae na lisitoke, huku ukirudisha shamba kipande kwa kipande kutoka upande ulio safi kuelekea uliochafuka. Wengi huanzia pale pabaya zaidi, wanachoka, na wakati huo mimea mitatu iliyokuwa peke yake upande wa pili inakuwa mia tatu.

Ng'oa baada ya mvua, ardhi ikiwa laini, kabla maua hayajatoka, na hakikisha kile kifundo cha juu ya mzizi kimetoka. Kikibaki, kinachipua. Kwenye joto na unyevu kama wa kwenu, mmea unaweza kutoa maua wiki nne tu baada ya kuota. Ndiyo maana nasema upite shambani kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa mvua za Machi hadi Mei na tena za mwisho wa mwaka. Kupita mara moja kwa msimu ni kujichosha bure. Iliyokwisha kuwa na maua iweke kwenye gunia palepale ulipoing'oa, usiikokote kupita shambani. Ikaushe mahali pamoja na uichome. Usiitupe kwenye mboji, wala usiitandaze kama matandazo ya migomba. Na tafadhali waambie mabinti wasiyachume maua yale kupambia meza za harusi; nimeyaona kwenye mashada, yanapendeza, na kesho yake yanatupwa nyuma ya ukumbi.

Dawa ina nafasi yake, ila si ile jirani anayoifikiria. Glaifoseti huua kila kitu cha kijani. Ukiipiga ukingoni mwa shamba inaua gugu na nyasi pamoja, inaacha ardhi tupu, na mvua ikinyesha wa kwanza kuota kwenye ardhi tupu unamjua. Ukiitumia, iwe kwa mmea mmojammoja ukiwa bado umetandaza majani chini. Kwenye mahindi au wimbi lililo changa, dawa ya 2,4-D huua majani mapana na kuacha nafaka, lakini isikaribie muhogo wala maharage, na usiipige upepo ukivuma. Soma kipimo kwenye chupa, nunua duka linalojulikana, maana dawa feki ni nyingi. Baada ya dawa au kung'oa, panda kitu papo hapo: kunde, fiwi, au nyasi za brachiaria ukingoni. Ardhi iliyofunikwa ndiyo inayofanya kazi ukiwa umelala.

Mke wako naye asiendelee kung'oa mikono mitupu. Kemikali iliyomo kwenye mmea huu huchokoza ngozi, na chavua yake huwaletea wengine mafua ya kupiga chafya na pumu. Mwili hujifunza kuukataa kidogo kidogo: mtu anaweza kuushika misimu miwili bila tatizo, kisha wa tatu akavimba. Kwa kuwa yeye ameshaanza kuwashwa, ninashauri asiuguse tena kabisa, hata akiwa na glovu. Kazi hiyo ifanywe na mwingine aliyevaa glovu, mikono mirefu na barakoa, aoge akimaliza, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Kama muwasho haupoi, aende kituo cha afya na awaonyeshe picha ya mmea.

Huenda unajiuliza kama hakuna mdudu wa kulila gugu hili, kama wale waliokula magugu maji. Unakumbuka mambo ya ziwani. Magugu maji yalionekana Kyoga na Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, mto Kagera ukiyaleta Victoria bila kupumzika. Mwaka 1995 wataalamu wetu waliachilia ziwani fukusi wawili wadogo wanaokula mmea ule tu, na baada ya 1998 yakapungua sana. Gugu karoti nalo lina mbawakavu wake kutoka Meksiko, Zygogramma bicolorata, ambaye India walimwachilia mwaka 1984 na anakula majani mpaka mmea unabaki mifupa. Lakini hiyo ni kazi ya taasisi, baada ya kumjaribu kwenye mazao yetu yote. Usikubali mtu akuuzie mdudu kwenye chupa. Tena hata fukusi wa ziwani hawakumaliza kazi: yakiisha hapa, mto unaleta mengine. Miaka ya 2010 likaja gugu la Kariba huko Kyoga, ambalo halizai mbegu kabisa. Kila kipande kinachong'ang'ania wavu au mtumbwi kinakuwa mmea mzima. Kama una jamaa wa Majanji wanaosafirisha mitumbwi kwa lori kutoka ziwa moja kwenda lingine, ujumbe wao ni huohuo: nyavu zikaushwe juani, chini ya mtumbwi pakwanguliwe kabla ya kupakia.

Na isije ikaonekana wabebaji ni wakandarasi tu. Mlantana ulioziba malisho mengi ulipandwa kama ua. Mforosadi wa karatasi ulioingia msitu wa Mabira na Senna spectabilis ulioingia Budongo ililetwa na watu waliotaka miti ya manufaa. Mtu akikupa mche akisema huu unakua haraka, hauliwi na mbuzi na haufi kwa ukame, muulize maswali mawili zaidi kabla hujauchukulia jembe.

Lililobaki ni la kijiji. Uganda inayo Sheria ya Ulinzi na Afya ya Mimea ya mwaka 2015, na wizara ya kilimo ina wakaguzi, lakini mkaguzi hatakuja Dabani kwa sababu ya lango la mtu mmoja. Atakuja kwa sababu ya machimbo. Kwa hiyo wewe na mwenyekiti wenu wa kijiji (LC1) tafuteni ile marramu ilichimbwa wapi. Nendeni mkaangalie. Mkilikuta gugu pale, pigeni picha, mpelekeeni afisa kilimo wa kaunti ndogo kwa maandishi, na nakala kwa ofisi ya mhandisi wa wilaya, kwa sababu huyo ndiye anayejua barabara ipi inafuata kupata marramu kutoka shimo lile. Ombi lenu liwe dogo na la wazi: pembeni mwa machimbo pang'olewe kabla ya kuchimba, udongo wa juu uwekwe kando usipakiwe, na vijana wa kufyeka waanze kabla ya maua. Hayo matatu yanaweza kuandikwa kwenye mkataba wa kazi bila bajeti mpya, na mhandisi hawezi kusema hayajui akiwa ameshapokea barua.

Kwa upande wako, tenga sehemu moja tu ya kushushia mizigo ya kutoka nje: mchanga, samadi, nyasi, matofali. Iwe karibu na nyumba, mahali unapopita kila asubuhi, si katikati ya shamba. Mwenye trekta mwambie akwangue tope kwenye majembe langoni kabla hajaingia, na tena kabla hajatoka. Atanung'unika. Mpe ndoo ya maji na kijana wa kumsaidia, na shamba lako lilimwe la kwanza asubuhi, kabla hajapita kwa jirani.